Sura ya Saba: Fundi Ameondoka, Mfumo Umebaki

Neno "mfumo", kama linavyotumika kwenye kaunta za maduka, ofisi za shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo vya Afrika Mashariki, humaanisha programu ya kompyuta inayobeba shughuli za kila siku, na mteja anapoambiwa kwamba mfumo umegoma huelewa bila kufafanuliwa kuwa risiti haitatoka. Mifumo hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ile inayonunuliwa ikiwa tayari, ambayo kampuni moja huiuza kwa maelfu ya wateja na kuitunza kwa ada. Ya pili, ambayo ndiyo mada ya sura hii, ni programu ya kuagizwa, yaani iliyoandikwa kwa ajili ya biashara moja kwa kufuata desturi zake, kama suruali iliyoshonwa na fundi cherehani baada ya kumpima mvaaji. Suruali ya kushonesha hukaa vizuri kuliko ya dukani hadi siku mvaaji anaponenepa na kukuta fundi amehama mtaa. Biashara nyingi zenye programu za kuagizwa zimo katika hali hiyo hiyo leo, isipokuwa kwamba suruali huvuliwa, ilhali programu inayokokotoa mishahara ya mwisho wa mwezi haivuliki.

Kuanzia miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 2000, sehemu kubwa ya programu za namna hiyo iliandikwa kwa zana chache ambazo majina yake bado yanasikika katika ofisi za zamani. dBASE, iliyobuniwa na Wayne Ratliff nchini Marekani na kuuzwa na kampuni ya Ashton-Tate tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilieneza faili za data zinazoishia na herufi DBF. Clipper na FoxPro zilifuata mtindo wake na kuuongezea kasi. Kisha ikaja Access mwaka 1992, ikiwa imetanguliwa kwa mwaka mmoja na Visual Basic, ambayo toleo lake la sita la mwaka 1998 lilikuwa la mwisho katika ukoo wake. Nguvu ya zana hizo ilikuwa kwamba mtu mmoja, pengine mhasibu aliyejifunza kompyuta au mwanafunzi wa chuo aliyejifunza uhasibu, aliweza kwa wiki chache kutengeneza fomu za kuingizia data, hesabu zinazofanyika nyuma yake na ripoti za kuchapwa, bila timu wala seva ya gharama kubwa. Udhaifu wake ulitoka mahali hapo hapo, kwa sababu kilichoweza kujengwa na mtu mmoja kilibaki kikijulikana na mtu mmoja.

Watengenezaji wa zana zenyewe nao waliondoka. Microsoft ilinunua kampuni iliyotengeneza FoxPro mwaka 1992, ikatoa Visual FoxPro 9 mwaka 2004, ikatangaza mwaka 2007 kwamba hakutakuwa na toleo la kumi, na msaada wake ukaisha Januari 2015. Msaada kwa zana ya kuandikia Visual Basic 6 ulikuwa umekwisha tangu Aprili 2008, ingawa faili zinazowezesha programu zilizokwisha kuandikwa kwa zana hiyo kufanya kazi zimeendelea kuwekwa ndani ya Windows. Tofauti hiyo kati ya kuandika na kuendesha huwapotosha wengi, kwa kuwa mwenye biashara huona programu inafunguka kila asubuhi na kuamini kwamba ni nzima, ilhali uwezo wa kuibadilisha ulikwisha kutoweka miaka mingi kabla.

Kuzeeka kwa kitu kisichochakaa

Programu haipati kutu, wala haipunguki unene kwa kutumiwa. Iliyokuwa ikijumlisha sawasawa mwaka 1999 itajumlisha sawasawa mwaka 2030 ikipewa kompyuta ile ile na namba zile zile, hivyo ni halali kuuliza uzee wake uko wapi. Mwaka 1994 David Parnas, katika andiko lake kuhusu kuzeeka kwa programu, alitaja njia mbili: ya kwanza ni programu kusimama ilhali dunia inayoizunguka inasogea, na ya pili ni marekebisho yanayofanywa na watu wasioelewa ramani yake ya awali, ambayo kila moja huacha kovu linalofanya marekebisho yanayofuata kuwa magumu zaidi. Miaka 20 kabla yake Meir Lehman, aliyechunguza jinsi mfumo endeshi wa IBM (yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima) ulivyokuwa ukipanuka toleo baada ya toleo, alikwisha kusema kwamba programu inayoingia katika maisha ya watu ama hubadilishwa mfululizo ama hupungua manufaa.

Kauli hizo za wasomi hupata nyama zinapotazamwa kwenye karatasi ya mishahara ya Kenya. Kwa miaka mingi, makato ya bima ya afya ya NHIF yalifuata jedwali la madaraja, ambapo mwenye mshahara wa kati ya kiasi fulani na kiasi kingine alikatwa shilingi kadhaa zisizobadilika, na viwango vilipopandishwa mwaka 2015 hadi kilele cha shilingi 1,700 kwa mwezi, programu iliyoandikwa kwa busara ilihitaji tu kubadilishiwa namba ndani ya jedwali, kazi ambayo karani mwenye ruhusa angeweza kuifanya bila kumwita mtu. Oktoba 2024 NHIF ilipokoma na nafasi yake kuchukuliwa na mfuko wa SHIF, makato yakawa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na hapo hakuna namba ya kubadilisha, kwa kuwa umbo lenyewe la kanuni limegeuka kutoka ngazi na kuwa mteremko. Programu inayojua kutafuta daraja haijui kuzidisha asilimia mpaka mtu aingie ndani yake na kuifundisha. Katika kipindi hicho hicho viwango vipya vya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, vilianza kutumika Februari 2023, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza Julai 2023, ikasimamishwa kwa amri ya mahakama Januari 2024, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024, na sheria nyingine ya Desemba 2024 ikaelekeza kwamba tozo hiyo na SHIF zitolewe kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, jambo lililobadilisha hata mpangilio wa hatua za hesabu. Mfumo uliokaa miaka kumi bila kuguswa ulitakiwa kufanyiwa upasuaji mara sita ndani ya miezi isiyozidi ishirini na minne.

Kodi ya ongezeko la thamani ilileta mtihani kama huo, ingawa mwepesi zaidi. Tanzania ilianza nayo mwaka 1998 kwa asilimia 20 na kuishusha hadi 18 mwaka 2009. Kenya ilishuka kutoka 16 hadi 14 Aprili 2020 na kurudi 16 Januari 2021. Hapa umbo la kanuni halikubadilika, hivyo mateso yalizipata hasa programu ambazo mwandishi wake aliitawanya ile namba 16 kila mahali ndani ya hesabu badala ya kuiweka sehemu moja, na kati ya hizo, zilizoteseka zaidi ni zile ambazo fundi wa pili alirekebisha ankara akasahau hati za kurudisha mali, kwa hiyo bidhaa iliuzwa kwa kiwango kimoja na kurudishwa kwa kingine.

Upande mwingine wa uzee unatoka kwenye mashine. Programu za DOS na za Windows ya zamani ziliandikwa kwa prosesa zinazoshughulikia data kwa mafungu ya biti 16, na Windows ya biti 64 haizikubali kabisa. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina toleo jingine lolote ila hilo la biti 64, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Access 2013 iliacha kufungua faili za Access 97, hivyo mwenye faili hizo hulazimika kuzipitisha kwanza kwenye toleo la katikati kama mtu anayebadili basi njiani. Kisa cha ajabu zaidi ni cha programu za Turbo Pascal zilizotumia maktaba iitwayo CRT, ambazo zilianza kuanguka na kosa namba 200 mara tu zinapofunguliwa kwenye prosesa zenye kasi ya takriban megahezi 200 au zaidi, kwa sababu zilipima kasi ya kompyuta kwa kugawanya namba, na kompyuta mpya ilitoa jibu kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Zilikufa kwa sababu kompyuta zimekuwa nzuri mno.

Maarifa yaliyomo vichwani

Mwaka 1985 mwanasayansi wa Denmark, Peter Naur, alitoa hoja ambayo inaeleza hali ya biashara hizi kuliko maelezo yoyote ya kiufundi. Kwa maoni yake, zao halisi la kazi ya kuandika programu si maandishi yanayoingizwa kwenye kompyuta, bali ni nadharia inayojengeka katika kichwa cha mwandishi, yaani uelewa wa jinsi mambo ya dunia yanavyolingana na sehemu za programu, sababu ya kila sehemu kuwa ilivyo, na namna ya kuipanua bila kuivunja. Wenye nadharia hiyo wakitawanyika, programu imekufa hata kama bado inafanya kazi. Hukumu hiyo ni kali, na pengine Naur aliizidisha kidogo, kwa kuwa alikuwa akiwafikiria waandishi peke yao. Katika biashara ndogo kuna mtu wa pili mwenye sehemu ya nadharia, ambaye mafundi humpita mlangoni wakielekea kwa mkurugenzi, naye ni karani au mhasibu aliyetumia mfumo huo kila siku kwa miaka mingi.

Karani huyo anajua kwamba bidhaa zenye msimbo unaoanza na 9 si bidhaa bali ni gharama za usafiri zilizopachikwa humo kwa kukosa mahali pengine. Kwamba ripoti ya mali ghalani haiaminiki kabla ya kufunga mwezi. Kwamba mteja fulani ana akaunti mbili kwa sababu fomu haikuruhusu bei mbili kwa jina moja. Kila hila ya namna hiyo ni ushahidi wa mahali ambapo programu na biashara zilishindwa kukubaliana, na mkusanyiko wake ni mwongozo ambao mwandishi wa kwanza hakuuandika. Kwa hiyo biashara inayoanza kutafuta msaada kwa mfumo mzee haina budi kuanza na meza ya karani, ikiwezekana kabla hajastaafu. Siku chache za kukaa karibu naye wakati wa kufunga mwezi, huku mtu akiandika kila anachobonyeza na sababu yake, huwa na faida kubwa kuliko ziara ya mtaalamu anayekuja kutazama skrini kwa nusu saa na kuandika makadirio ya bei.

Kukusanya urithi kabla ya kumtafuta mrithi

Kosa linalorudiwa sana ni kumwita fundi kabla ya kujua kuna nini cha kumkabidhi. Programu huandikwa kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, yanayoitwa msimbo chanzo, kisha hupitishwa kwenye programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo huyageuza kuwa faili ya kuendeshwa na mashine. Kilichomo kwenye kompyuta ya dukani mara nyingi ni hiyo faili ya mwisho tu. Kutoka ndani yake, kurudi kwenye msimbo chanzo ni kama kurudisha chapati iwe unga, ingawa ugumu hutofautiana: programu za FoxPro huweza kurejeshwa kwa kiasi kikubwa kwa zana kama ReFox, ilhali ya Visual Basic 6 iliyogeuzwa moja kwa moja kuwa lugha ya mashine hutoa vipande visivyosomeka, na faili ya Access iliyohifadhiwa kwa mtindo wa MDE huwa imeondolewa msimbo chanzo kwa makusudi.

Basi upekuzi huanzia kabatini. Diski za flopi, CD zilizoandikwa kwa kalamu, kompyuta iliyowekwa stoo baada ya kuharibika skrini, barua pepe za zamani zenye viambatisho, vyote hivyo vimewahi kuwa makaburi ya msimbo chanzo. Pamoja na msimbo chanzo hutakiwa zana yenyewe ya kuandikia katika toleo lile lile, vipande vya ziada vilivyonunuliwa kwa kampuni nyingine (kalenda, majedwali ya skrini, vichapishi vya ripoti) ambavyo bila hivyo msimbo haukubali kufunguka, na nywila. Palipo na msimbo wa matoleo kadhaa huzuka swali la lipi ndilo linalotumika, na jibu hupatikana kwa kulipitisha kila moja kwenye kompaila na kulinganisha tabia yake na ya mfumo ulio hai.

Data ina bahati nzuri zaidi. Faili za DBF husomeka na zana nyingi, ikiwemo LibreOffice ambayo haina malipo, kwa hiyo hata msimbo chanzo ukipotea kabisa, orodha ya wateja na historia ya mauzo havijapotea. Kinachopotea ni maana ya safu, kwa kuwa majina yake yalibanwa yasizidi herufi kumi, na anayekuta safu iitwayo STAT2 yenye herufi K, L na X itambidi amrudie karani. Nakala za faili hizo zinapaswa kuchukuliwa watumiaji wote wakiwa wametoka kwenye mfumo, maana faili ya DBF au ya Access ikinakiliwa huku mtu akiandika ndani yake, nakala huweza kutoka ikiwa na nusu ya muamala, na kasoro hiyo hugunduliwa siku nakala inapohitajika.

Kuna pia suala la umiliki, ambalo wenye biashara wengi hulifikiria pale tu fundi wa kwanza anapokasirika. Kesi ya Aymes dhidi ya Bonelli nchini Marekani inafaa kuangaliwa kwa kirefu, kwa sababu wahusika wake walikuwa biashara ya kawaida ya maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea na mwandishi mmoja wa programu aliyeanza kuifanyia kazi mwaka 1980, akaitengenezea mfumo wa kutunza mauzo, mali ghalani na maagizo, kisha akaondoka mwaka 1982 baada ya ugomvi kuhusu saa za kazi na malipo, pasipo mkataba wowote wa maandishi uliosema nani ni mwenye programu. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliamua kwamba, kwa kuwa kampuni haikumpa mafao ya mwajiriwa wala kumkata kodi ya mshahara, alikuwa mkandarasi huru na hakimiliki ilikuwa yake. Lakini mwaka 1995 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba kampuni, ikiwa mmiliki halali wa nakala, ilikuwa na haki ya kuibadilisha kwa matumizi yake ya ndani ili iendane na wakati na kompyuta zake mpya. Yaani fundi alishinda umiliki, na mwenye duka akashinda haki ya kuendelea kufanya kazi.

Sheria hazifanani kila nchi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huichukulia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo, kwa hiyo mfanyabiashara wa Nakuru anasimama mahali pazuri kuliko yule wa Marekani. Hata hivyo haki ya kisheria bila faili ni sawa na hati ya shamba lililomezwa na bahari, na mahakama haiwezi kumlazimisha mtu akumbuke alikohifadhi diski.

Kumpata anayekubali kusoma

Uhaba wa mafundi wa lugha za zamani si tatizo la wadogo peke yao. Aprili 2020, wimbi la maombi ya mafao ya wasio na kazi lilipoielemea mifumo ya jimbo la New Jersey, gavana Phil Murphy aliomba hadharani wajitokeze wanaoijua COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959. Biashara yenye wafanyakazi kumi haina jukwaa la gavana, lakini ina faida moja, nayo ni kwamba programu yake ni fupi kiasi cha mtu mmoja makini kuweza kuisoma yote.

Wanaoweza kusaidia hupatikana katika mazingira yasiyong'aa. Lugha ya Visual Basic 6 ni ndugu wa karibu wa ile inayotumika hadi leo kuandika maagizo ndani ya Excel na Access, hivyo mhasibu kijana aliyebobea katika maagizo ya Excel anaweza kuisoma kwa kiasi ambacho mhitimu aliyefundishwa lugha za tovuti pekee hakifikii. Watumiaji wa FoxPro wanaendelea kutunza zana zao kwa pamoja chini ya jina VFPX, na wa Clipper wana Harbour, kompaila huria inayoweza kuchukua msimbo wa zamani wa Clipper na kuugeuza kuwa programu ya kompyuta za sasa. Mwandishi wa kwanza naye asisahaulike: wengi hawakufa wala kugombana na mtu, ila walipata ajira benki, na saa mbili za maelezo kwa malipo ya heshima huenda zikaokoa miezi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini programu za kuongoza kompyuta kutoka mbali zimeitia methali hiyo majaribuni, na fundi aliyeko Muscat au Toronto anaweza leo kumpiga nyoka aliyeko Kariakoo, mradi umeme usikatike.

Jinsi ya kumpima mtu huyo ni suala la hukumu kuliko la vyeti. Ishara mbaya kuliko zote ni fundi anayetazama skrini ya kijivu, akacheka, na kusema siku hiyo hiyo kwamba kitu hiki kitupwe na kiandikwe upya. Kusoma msimbo wa mwingine kunachosha na kuandika wako kunafurahisha, na ushauri wa kuandika upya mara nyingi hutokana na furaha hiyo zaidi ya hali ya mgonjwa. Joel Spolsky alitoa onyo hilo mwaka 2000 akitumia mfano wa Netscape, iliyoiacha programu yake ya kuperuzi intaneti na kuanza upya, ikakaa miaka takriban mitatu bila toleo kubwa jipya huku mshindani akilichukua soko. Hoja yake ilikuwa kwamba yale maandishi yanayoonekana machafu ni kasoro zilizokwisha kugunduliwa na kuzibwa, na anayeyafuta anajiandalia kuzigundua tena. Fundi anayefaa huomba kwanza nakala ya kila kitu, huuliza nani ametumia mfumo kwa muda mrefu zaidi, na hukubali kuanza na kazi ndogo inayopimika, kama kuongeza safu moja kwenye ripoti, kwa malipo yanayojumuisha muda wa kusoma. Mwenye biashara anayekataa kulipia usomaji kwa sababu hakuona kitu kipya kwenye skrini atalipia kutokusoma baadaye.

Kabla fundi hajakabidhiwa data, mikono yake yafaa itazamwe mara mbili. Faili ya mishahara ina majina, namba za vitambulisho na vipato vya watu, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinamwajibisha mwenye biashara kwa taarifa hizo. Kwa kazi nyingi za urekebishaji inatosha kumpa fundi nakala ambayo majina yamebadilishwa na kiasi kuchanganywa.

Huduma ya kwanza kwa mfumo ulio hatarini huwa ni kuugandisha, yaani kuuhamishia, pamoja na Windows yake ya zamani, ndani ya kompyuta pepe, ambayo ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta mpya. Kwa programu za DOS kuna DOSBox, iliyotengenezwa ili watu waendelee kucheza michezo ya zamani, na vDos, iliyolenga kazi za ofisi na uchapishaji wake. Haya ni mapinduzi ya kimyakimya, kwamba hesabu za bohari zimeokolewa na wapenda michezo. Mfumo uliogandishwa utengwe na intaneti, kwa kuwa Windows XP iliacha kuzibwa matundu yake ya usalama tangu Aprili 2014. Na kugandisha hununua muda tu, tena kwa programu ambazo kanuni zake hazisogei. Orodha ya wanachama au kumbukumbu za vipimo vya maabara inaweza kukaa humo miaka mingi, lakini mfumo wa mauzo hauwezi, kwa sababu mamlaka za kodi za ukanda huu zimegeuza ankara kuwa ujumbe unaotumwa: Tanzania ilianzisha mashine za EFD mwaka 2010, Rwanda ikafuata na EBM mwaka 2013, Uganda ikaanza EFRIS mwaka 2021, na Kenya ikaleta eTIMS mwaka 2023 na kukataza, tangu Januari 2024, gharama zisizo na ankara ya mfumo huo kupunguza kodi.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyostaafisha mifumo mingi mizee, na si lazima yangekuwa hivyo. Penye fundi msomaji, programu ndogo ya daraja inaweza kuandikwa kwa lugha ya kisasa, ikasoma majedwali ya DBF kila ankara inapofungwa, ikaituma inakotakiwa na kurudisha namba ya uthibitisho, bila kugusa msimbo wa zamani hata mstari mmoja. Ni mwanzo wa mbinu ambayo Martin Fowler aliielezea mwaka 2004 kwa mfano wa aina ya mtini unaoota juu ya mti mwingine na kuushukia kidogo kidogo hadi unasimama peke yake: leo ankara, mwakani mali ghalani, baadaye leja ya wateja, na mfumo wa zamani hubaki na kazi chache zaidi kila mwaka.

Kila kipande kipya kinapochukua kazi, cha zamani huachwa kikiendelea sambamba kwa miezi kadhaa, na matokeo yake hulinganishwa hadi senti. Michael Feathers, aliyeandika mwaka 2004 kuhusu msimbo wa kurithi, alishauri kwamba kabla ya kubadilisha chochote kwanza kinaswe kile programu inachofanya hasa, kiwe sahihi au kosa, ili badiliko lisilokusudiwa lijulikane siku hiyo hiyo. Katika mishahara, tofauti ya senti tano kati ya mifumo miwili kwa kawaida huwa ni namna mbili za kukadiria desimali, na inapochunguzwa huonekana wakati mwingine kwamba ule mzee ulikuwa ukikosea tangu mwanzo, na hapo mkurugenzi huwa na uamuzi mgumu kuliko wa kiufundi.

Siku mfumo wa zamani unapozimwa, kumbukumbu zake hazizimwi pamoja nao, kwa kuwa sheria za kodi za Kenya na Tanzania hutaka hesabu zihifadhiwe kwa miaka mitano. Majedwali hunakiliwa katika faili za maandishi matupu zinazosomeka na kompyuta yoyote, na kando yake huwekwa karatasi moja inayoeleza kila safu, pamoja na kwamba katika STAT2 herufi K ilimaanisha mteja wa mkopo, L aliyelipa taslimu, na X yule ambaye mwenye duka alikuwa ameagiza asiuziwe tena, kwa maelezo ya karani na kwa mwandiko wake.